Vittorio Emanuele III: Mfalme aliyesaka kila sarafu ya Italia

JINA la Vittorio Emanuele wa Tatu, aliyekuwa Mfalme wa Italia, halitajwi sana humu nchini siku hizi. Hata hivyo, athari za utawala wake zi karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani.

Kanisa dogo lililo kando ya barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ambalo madereva wa malori hulipita kila siku wakiteremka Bonde la Ufa, lilijengwa 1942 na mateka wa vita waliokuwa askari wake. Kule Mathari, Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu la Waitalia, amezikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, jamaa yake wa damu aliyetawala Uhabeshi kwa niaba yake.

Walimwengu wengi humkumbuka mfalme huyu kwa jambo moja: ndiye aliyemfungulia Benito Mussolini mlango wa kuingia madarakani. Lakini ipo jamii nyingine ya watu, ile ya wakusanyaji na wachunguzi wa sarafu za kale, ambayo kwayo jina lake lingali hai kwa sababu tofauti kabisa.

Kwa muda unaozidi miaka sitini, mtu huyu alijitwika kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameithubutu kabla yake. Alinuia kupata, au angalau kuorodhesha, kila aina ya sarafu iliyowahi kufuliwa katika ardhi ya Italia, au na Waitalia waliokuwa ughaibuni, tangu kuporomoka kwa dola ya Warumi wa kale hadi zama zake.

Hadithi ya maisha yake basi ni hadithi ya uwindaji wa aina mbili. Mmoja aliufanya kwa subira na umakini usio na kifani. Mwingine, ule wa kulinda taifa alilokabidhiwa, uliishia pabaya.

Mtoto wa pekee

Vittorio Emanuele alizaliwa mjini Napoli mnamo Novemba 11, 1869. Alikuwa mtoto wa pekee wa Umberto wa Kwanza na mkewe Margherita wa ukoo wa Savoia, uliokuwa umeiunganisha Italia kuwa taifa moja miaka minane tu kabla ya kuzaliwa kwake.

Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili. Alipokomaa kimo chake kilikuwa takriban sentimita 153, jambo ambalo wachora vibonzo na wakejeli wa magazeti ya Ulaya hawakulisahau katika uhai wake wote. Askari wake walimbandika lakabu iliyomaanisha upanga mdogo.

Malezi yake yalikuwa ya kijeshi. Mwalimu wake mkuu, Kanali Egidio Osio, alikuwa mtu mkali asiyejua mzaha, na mwanamfalme alikua katika utaratibu wa saa, vitabu na mazoezi. Alijifunza kuficha hisia zake, akawa mtu wa maneno machache, mwenye kumbukumbu ya ajabu ya tarehe, majina na takwimu.

Katika upweke huo ndimo sarafu zilimoingilia. Mwaka wa 1879, alipokuwa mvulana wa miaka tisa, alipata kwa bahati sarafu moja ndogo ya shaba yenye sura ya Papa Pius IX. Haikuwa na thamani yoyote sokoni. Ilikuwa chenji ya kawaida ambayo Waroma walikuwa wakinunulia mboga miaka michache iliyotangulia.

Ila ilikuwa na jambo moja la kumfikirisha mtoto mwerevu. Dola ya kidunia ya Mapapa, iliyoifua sarafu hiyo, ilikuwa imekwisha kutoweka. Majeshi ya babu yake yaliiteka Roma mnamo 1870. Aliyeshika sarafu ile alishika kiganjani kipande cha nchi ambayo haikuwapo tena.

Akaiweka. Akaongeza nyingine. Baba yake alimwongezea kadhaa za shaba, na jamaa wakafahamu kwamba zawadi ya kumfurahisha mvulana huyu siku ya kuzaliwa haikuwa farasi wala bunduki. Chanda chema huvikwa pete, na mwanamfalme akawa anavikwa sarafu.

Ugumu wa kazi

Ili msomaji aelewe uzito wa kazi aliyoikusudia, ni lazima akumbuke jinsi Italia ilivyokuwa kabla ya kuungana mnamo 1861. Haikuwa nchi moja. Kwa zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa mkusanyiko wa jamhuri, falme, himaya za maaskofu, miji huru na enzi za mabwana wadogo, na kila mmoja wao alipopata nguvu kidogo alifua sarafu yake.

Firenze na Genova zilianza kutoa sarafu za dhahabu mnamo 1252, nayo Venezia ikafuata kwa dukati yake mnamo 1284. Hizo zilisafiri hadi Misri, Sham na Bara Hindi. Mfalme Federico wa Pili alifua dhahabu yake Messina na Brindisi kuanzia 1231. Huko Sicilia kulikuwa na sarafu zenye maandishi ya Kiarabu, zilizofuliwa na watawala Waislamu na hata wafalme Wakristo wa Kinormani waliowarithi, kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wamezoea kuziamini.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba zenye majina yao kwa herufi za Kiarabu, na ni kwa sarafu hizo ambapo wanahistoria wameweza kuthibitisha kuwa baadhi ya watawala waliotajwa katika tarikhi waliishi kweli. Sarafu ni hati. Karatasi huoza na panya huila, lakini chuma kilichopigwa chapa hukaa.

Mkusanyaji wa kawaida hujiwekea mpaka. Louis Eliasberg, mwenye benki wa Baltimore, Marekani, alisifika duniani kwa kukamilisha mnamo 1950 mkusanyiko wa sarafu za nchi yake za kila mwaka na kila kiwanda, kwa kadiri zilivyojulikana wakati huo. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, lakini orodha yake ilikuwepo tayari. Alijua ni nini alichokikosa.

Vittorio Emanuele hakuwa na orodha. Hakuna aliyejua ni sarafu za aina ngapi zilizowahi kufuliwa Italia. Alilazimika kuwinda na wakati huo huo kuandika majina ya wanyama anaowawinda.

Isitoshe, zilizomponyoka zaidi hazikuwa za dhahabu. Dhahabu huhifadhiwa, hufukiwa ardhini, hurithishwa, hufungiwa sandukuni. Kilichokuwa adimu ni vile visenti vya fedha duni iliyochanganywa na shaba, vilivyofuliwa na bwana mdogo wa kijiji fulani kwa miaka miwili kisha akapinduliwa. Hakuna aliyeona haja ya kuvitunza. Vilitumika hadi vikasagika, kisha vikayeyushwa.

Wazee wetu wataelewa. Nani aliyekumbuka kuweka akiba ya zile senti za tundu za enzi za mkoloni, zilizofungwa kwenye uzi kama shanga? Noti kubwa zilithaminiwa, tundu likapuuzwa. Leo wanaozitafuta senti za miaka fulani wanahangaika.

Basi mwanamfalme alijifunza mbinu za mwindaji. Alisoma orodha za minada ya Ulaya. Aliandikiana barua na wafanyabiashara wa vitu vya kale. Alifuatilia machapisho ya wataalamu, miongoni mwao ndugu wawili Gnecchi wa Milano walioshiriki kuanzisha jarida la Kiitalia la elimu ya sarafu mnamo 1888. Alijizoesha kutambua sarafu bandia, maana karne hiyo ilikuwa na mafundi stadi wa ulaghai. Luigi Cigoi wa Udine, aliyefariki 1875, alikuwa ameacha bandia zake katika makusanyo mengi ya Ulaya.

Mwaka wa msiba

Mnamo Oktoba 1896 alimwoa Elena, bintimfalme wa Montenegro, mwanamke mrefu kuliko yeye na mchangamfu. Ndoa yao ilikuwa ya mapenzi na utulivu, nao walijaliwa watoto watano: Yolanda, Mafalda, Umberto, Giovanna na Maria Francesca.

Julai 29, 1900, baba yake aliuawa kwa risasi mjini Monza na Gaetano Bresci, mfumaji vitambaa aliyekuwa amerejea kutoka Marekani kwa nia hiyo. Vittorio Emanuele alikuwa safarini baharini na mkewe. Aliposhuka pwani, alikuwa mfalme akiwa na umri wa miaka 30.

Mwaka huo huo mkusanyiko wa marehemu Marchese Filippo Marignoli, uliokuwa mojawapo ya makubwa kabisa nchini Italia, uliingia mikononi mwake. Kwa hatua moja akapata maelfu kwa maelfu ya vipande ambavyo mkusanyaji wa kawaida angehitaji maisha mawili kuvipata.

Utajiri huo haukumlevya. Aliendelea kuishi maisha ya kiasi, akapendelea Villa Savoia, nyumba iliyo kando ya mji, kuliko Kasri la Quirinale. Asubuhi alitia saini hati za serikali. Alipopata nafasi alirudi kwenye makabati yake, ambako kila sarafu ilikuwa na kijikaratasi chake.

Mnamo 1910 tunda la kwanza la jasho lake lilichapishwa. Kazi hiyo ilipewa jina la Kilatini, Corpus Nummorum Italicorum, yaani jumla ya sarafu za Kiitalia. Kitabu cha kwanza kilihusu sarafu za ukoo wake wa Savoia. Kilichofuata kilikuwa juu ya Piemonte na Sardegna, kisha Liguria, Lombardia, Veneto, na kuendelea, mkoa kwa mkoa na mji kwa mji.

Utaratibu wake ulikuwa wa kihasibu. Kila sarafu ilielezwa madini yake, maandishi ya upande wa mbele na wa nyuma, na tofauti ndogo kabisa za herufi au nukta. Hakuorodhesha za kwake pekee. Zile zilizokuwa katika makumbusho na kwa wakusanyaji wengine aliziingiza pia, hata kama kufanya hivyo kulidhihirisha upungufu wa makabati yake mwenyewe. Alisaidiwa na wasomi na maofisa, wakiwemo Jenerali Giuseppe Ruggero na baadaye Pietro Oddo.

Wataalamu waliokuja baadaye wamesahihisha makosa kadhaa na kuulalamikia mpangilio wake. Hata hivyo, hadi leo mfanyabiashara au mhifadhi wa makumbusho anapokutana na sarafu ya Italia ya zama za kati, nambari ya kitabu hicho ni mojawapo ya mambo ya kwanza anayoyatafuta.

Saini ambazo hazikutiwa na zilizotiwa

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Italia iliingia mapiganoni Mei 1915. Mfalme alihamia karibu na medani ya vita na kukaa huko kwa miaka mingi, akizunguka mahandaki kwa gari na kupiga picha. Jeshi lake liliposambaratishwa Caporetto mnamo Oktoba 1917, alikutana na viongozi wa Uingereza na Ufaransa mjini Peschiera na kusimama kidete kwamba Waitalia wangesimama kwenye mto Piave. Wakasimama. Huo ndio uliokuwa wakati wake bora, na raia walimwita mfalme askari.

Miaka mitano baadaye alijaribiwa kwa namna nyingine. Mnamo Oktoba 1922 wafuasi wa Mussolini, waliovalia mashati meusi, walianza kuelekea Roma. Waziri Mkuu Luigi Facta aliandaa amri ya kutangaza hali ya hatari ili jeshi liwazuie. Asubuhi ya Oktoba 28 alimpelekea mfalme ili aitie saini.

Mfalme alikataa. Sababu zake zimejadiliwa kwa karne nzima: hofu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mashaka juu ya utiifu wa jeshi, hofu ya kupokonywa kiti na binamu yake, chuki dhidi ya wanasoshalisti. Lililo wazi ni kwamba siku chache baadaye Mussolini alikuwa Waziri Mkuu.

Tangu hapo mtindo ukawa mmoja. Mbunge Giacomo Matteotti alipouawa na wafuasi wa Mussolini mnamo Juni 1924, wapinzani walimsubiri mfalme aingilie. Hakuingilia. Vyama vilipopigwa marufuku na magazeti kufungwa mdomo, alinyamaza. Mnamo 1938 zilipoletwa sheria za kibaguzi zilizowafukuza Wayahudi shuleni, vyuoni na katika kazi za serikali, alizitia saini.

Wanaomtetea husema alikuwa mfalme wa kikatiba aliyefungwa mikono. Hoja hiyo ina ila moja. Mkono uliokataa kutia saini mnamo 1922 ulithibitisha kuwa ulikuwa na uwezo wa kukataa.

Sura yake Afrika Mashariki

Mfalme huyu aliyesaka sarafu za watawala waliopita alikuwa pia akifua zake, na baadhi zilifika hapa jirani. Nchini Somalia, iliyokuwa koloni lake, zilitolewa besa za shaba mnamo 1909 na rupia za fedha kuanzia 1910, zikiwa na sura yake. Besa ni neno lile lile tunalolitamka pesa, lililovuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na rupia ambayo Wakenya nao waliitumia hadi 1920.

Eritrea hali ilikuwa ngumu zaidi. Watu wa pembe hiyo ya Afrika waliiamini riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye tarehe ya 1780 isiyobadilika. Mnamo 1918 Waitalia walitoa riale yao iliyofanana nayo, wakidhani watu wangeipokea. Wafanyabiashara waliikataa. Mussolini alipojiandaa kuivamia Uhabeshi mnamo 1935, alisalimu amri mbele ya bibi huyo aliyekufa zamani. Alichukua mihuri yake kutoka Vienna na kufua riale zake Roma.

Uvamizi ulianza Oktoba 3, 1935. Ndege za Italia ziliwamwagia Wahabeshi gesi ya sumu iliyokuwa imepigwa marufuku na mkataba ambao Italia yenyewe iliukubali. Addis Ababa ilitekwa Mei 5, 1936, na siku nne baadaye Vittorio Emanuele akatangazwa Kaisari wa Uhabeshi, huku Kaisari halali, Haile Selassie, akiwa njiani kuelekea uhamishoni Uingereza. Mnamo Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Gavana Rodolfo Graziani, maelfu ya wakazi wa Addis Ababa walichinjwa.

Cheo hicho kipya kiliandikwa kwenye sarafu zote za Italia. Aliyezoea kusoma fahari tupu za mabwana wadogo wa karne zilizopita alikuwa sasa na fahari yake mwenyewe, iliyopigwa chapa kwenye fedha.

Haikudumu. Italia iliingia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia Juni 10, 1940 upande wa Ujerumani. Mapema 1941 majeshi chini ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka mpaka kutoka Kenya. Walikuwamo askari wa Afrika Kusini, wa Nigeria na Gold Coast, na vijana wetu wa KAR, ambao wazee waliwaita Keya. Mogadishu ilianguka Februari 25 na Addis Ababa Aprili 6. Haile Selassie aliingia mji wake mkuu Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu utekwe.

Mtawala wa Aosta alijisalimisha Amba Alagi mwezi huo huo, akaletwa Kenya akiwa mateka, na akafariki Nairobi Machi 3, 1942. Maelfu ya mateka wengine walijenga barabara na kulima mashamba humu nchini. Sarafu zenye jina la Kaisari zikawa tayari ni vitu vya kukusanywa.

Kisiwa kilichokosekana

Kitabu cha 20 cha Corpus kilichapishwa 1943. Kilimalizia sarafu za Napoli, mji aliozaliwa. Sehemu kubwa iliyobaki haijaandikwa ilikuwa ni Sicilia, yenye zile sarafu za Waarabu, Wanormani na Federico.

Mnamo Julai 10, 1943, majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua katika kisiwa hicho hicho. Kitabu cha Sicilia hakikuandikwa kamwe na mfalme huyo.

Usiku wa kuamkia Julai 25, Baraza Kuu la chama cha Mussolini lilipiga kura ya kumwacha mkono kiongozi wao. Alasiri Mussolini alifika Villa Savoia kumwona mfalme, naye akaambiwa amefutwa kazi. Alipotoka, polisi walimpakia kwenye gari la wagonjwa na kumpeleka kizuizini. Baada ya miaka 21, mfalme alikuwa amechukua hatua.

Kisha akaiharibu. Mkataba wa kusitisha vita na Waingereza na Wamarekani ulipotangazwa Septemba 8, Wajerumani walianza kuitwaa Italia. Alfajiri ya Septemba 9 mfalme, Malkia, mrithi wake na Waziri Mkuu Pietro Badoglio waliondoka Roma kwa magari, wakafika pwani ya Adriatiki na kupanda meli ya kivita hadi Brindisi. Jeshi liliachwa bila maagizo ya maana. Mamia ya maelfu ya askari walinyang'anywa silaha na kusafirishwa hadi kambi za Ujerumani.

Familia yake haikusalimika. Binti yake Mafalda alikuwa Bulgaria kwa mazishi ya shemeji yake, Mfalme Boris. Alirejea Italia akiwa hajui hatari iliyomngojea, akakamatwa na Wajerumani mjini Roma mwezi huo huo. Alipelekwa kambi ya Buchenwald, ambako alifariki Agosti 1944 kutokana na majeraha aliyoyapata kambi hiyo iliposhambuliwa kwa mabomu.

Zawadi kwa taifa

Mnamo Juni 1944 mfalme alimkabidhi mwanawe Umberto madaraka. Mei 9, 1946, majuma machache kabla ya wananchi kupiga kura ya kuamua kati ya ufalme na jamhuri, aliachia kiti cha enzi mjini Napoli na kupanda meli kwenda Misri. Ilikuwa miaka kumi kamili tangu atangazwe Kaisari.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja ambalo hata mahasimu wake hawakulibeza. Aliukabidhi mkusanyiko wake wa sarafu, uliozidi vipande 100,000, kwa watu wa Italia.

Mnamo Juni 2 kura zipatazo milioni 12.7 ziliichagua jamhuri, dhidi ya milioni 10.7 zilizoutaka ufalme. Umberto naye akaenda uhamishoni.

Huko Iskandaria mzee alipokewa na Mfalme Farouk. Huo ulikuwa ulipaji wa deni la kale, kwani Ismail, babu yake Farouk, alipoondolewa madarakani mnamo 1879 alipewa hifadhi Italia na Umberto wa Kwanza. Wawili hao walishiriki pia uraibu mmoja, kwa sababu Farouk alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa sarafu.

Tofauti ya hatima ya makusanyo yao inastahili kuangaliwa. Farouk alipopinduliwa mnamo Julai 1952, sarafu zake zilitwaliwa na serikali na kupigwa mnada Cairo mnamo 1954. Zilitawanyika kote duniani. Moja, dola 20 za dhahabu za Marekani za mwaka wa 1933, iliondolewa mnadani kwa ombi la Marekani, ikatoweka, ikaibuka New York mnamo 1996, na mnamo 2021 ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 18. Farouk mwenyewe alifia Roma mnamo 1965.

Vittorio Emanuele alifariki Iskandaria Desemba 28, 1947 akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa katika Kanisa la Mtakatifu Catherine mjini humo. Malkia Elena alifia Ufaransa mnamo 1952. Mabaki yao yalirejeshwa Italia Desemba 2017 na kuzikwa Vicoforte, huku Wayahudi na wengine wengi wakilalamika kwamba aliyetia saini sheria za 1938 hakustahili heshima hiyo.

Sarafu zake hazikuzua mzozo wowote. Zimo katika jengo la Palazzo Massimo mjini Roma, sehemu ya Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi kutoka kituo kikuu cha magari ya moshi. Yeyote anaweza kuingia na kutazama.

Humo mna dhahabu ya Venezia na Firenze, na mna visenti vilivyosagika vya mabwana ambao hakuna anayewakumbuka. Baadhi yao walitawala vyema na baadhi vibaya, na mfalme aliwaandika wote kwa uangalifu ule ule. Jina lake sasa limo katika orodha hiyo hiyo, pamoja na cheo cha Kaisari wa nchi aliyoipoteza ndani ya miaka mitano.